Nyimbo za Mbio: Toka Mabega ya Wapagazi Mpaka Ekutere za Vijana wa Bunia

Kila mara mashindano ya mbio yanapotayarishwa katika mji wetu wa Bunia, yawe ya shule, ya parokia ao ya vijana wa kartie, swali moja linarudi: je, mkimbiaji aruhusiwe kuvaa ekutere, ni kusema vile visikizio vinavyochomekwa masikioni, na kusikiliza muziki wa telefone yake njiani? Vijana wanajibu haraka kwamba bila muziki miguu inakuwa mizito. Wazee wanatikisa kichwa: "Ule anakimbia sawa vile kiziwi. Pikipiki itamukamata." Na wale wanaotayarisha wanatafuta tu sheria inasema nini, ili kelele iishe.

Sisi tunaona kwamba swali hili si la sheria tu. Katika Ituri yetu watu walitembea na kukimbia kwa muziki mbele ya umeme, mbele ya radiyo, na hata mbele ya mji wa Bunia wenyewe kujengwa. Tofauti ni kwamba muziki ule ulikaa mdomoni, haukukaa sikioni. Ndiyo sababu tumeona vizuri, katika kitabu hiki kidogo cha mila, kufuata njia ya wimbo wa mbio tangu mwanzo, na kuuliza kila mahali: wimbo huo ulikuwa wa nani?

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili tunachosema hapa, kile ambacho watu wa vitabu wanakiita Kingwana, hakikufika kwa ndege wala kwa shule. Kilifika kwa miguu, pamoja na watu wenye mizigo kichwani na mabegani. Misafara ya wafanya biashara ya pembe za ndovu ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikaingia Manyema, kisha ikapanda kaskazini mpaka ndani ya pori la Ituri. Stanley alipovuka pori hilo mwaka 1887, akienda kumtafuta Emin Pasha, alikuta humo kambi za watu wa misafara, kama ile ya Ugarrowwa na ile ya Kilonga-Longa pale Ipoto. Yeye mwenyewe alitoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887 na watu karibu 390, wengi wao Wangwana walioandikwa kazi Unguja. Walifika Ziwa Albert katika Desemba ya mwaka ule, wengi wakiwa wamebaki nyuma kwa njaa, kwa magonjwa na kwa mishale.

Misafara ya wakati ule ilikuwa na desturi zake za muziki. Mbele alitembea kirangozi, mwenye mzigo mwepesi kuliko wa wengine, na karibu yake ngoma na baragumu la pembe. Yeye njo alitoa wimbo, wengine wakaitikia. Burton, mzungu aliyepita njia ya Tabora na Ujiji kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika habari za nyimbo zao, miluzi yao, pembe na ngoma, na mtu akisoma anaelewa kwamba kelele zilimchosha. Lakini kelele ile ilikuwa na kazi. Mtu wa nyuma kabisa, ambaye majani marefu yamemficha kirangozi, alijua kwa sikio kwamba msafara ungali unaenda na kwamba hajaachwa. Tena mzigo wa kilo 30 hivi ukiwa juu ya bega, bila wimbo saa haipiti.

Hapa tuseme neno kidogo juu ya wenyeji wa pori, Wambuti, kwa sababu watu wanapenda kuwataja kila mara habari ya nyimbo inapoanza. Ni kweli kwamba uimbaji wao umesifiwa duniani. Hugh Tracey alirekodi nyimbo za pori la Ituri na kandokando yake mwaka 1952, na Colin Turnbull, aliyekaa nao upande wa Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kitabu chake cha mwaka 1961 ambamo wimbo unashika nafasi kubwa kuliko mnyama na asali. Kwao kila mtu anashika kipande kidogo cha wimbo, na vipande vinashonana hewani. Mtu peke yake hawezi kuubeba wote. Lakini mwenye kumkimbilia mnyama haimbi. Wimbo wao ni wa kambini, wa usiku, wa kuamsha pori, si wa mbio. Kwa hiyo tusiwatie mahali ambapo hawakuwapo.

Wimbo wa mbio wenyewe, ule ambao wazee wa wazee wetu waliujua kwa mabega yao, ulikuwa wa tipoi. Tipoi ni kile kiti cha miti ambamo mzungu wa serikali, padri ao mwenye kampuni alikaa, na watu wakamnyanyua. Wachukuzi walikwenda kwa mwendo wa mbio ndogo, kikundi kimoja kikipokea kingine. Katika inchi yetu kazi hiyo iliongezeka sana baada ya dhahabu kuonekana Kilo mwaka 1903. Migodi ya Kilo na Moto, ambayo mwaka 1926 ilifanywa kampuni, ilihitaji chakula, vyombo na watu, na mbele ya barabara za motokari kufunguliwa, yote yalipanda kwa vichwa vya watu. Machefu waliombwa watu, machefu wakatoa watu. Aliyekataa alijua fimbo iko wapi.

Sasa tutazame namna wimbo ule ulivyofanya kazi, maana hapa njo kuna jambo ambalo ekutere haiwezi kulifanya. Mmoja anatoa neno, neno fupi, na wengine wote wanaitikia wakati mguu unapogonga udongo. Pumzi inatoka pamoja na sauti, kisha inaingia wakati wa kunyamaza. Wachukuzi wanne wa tipoi wasipopiga mguu pamoja, mti unapiga bega, kiti kinayumba, na bwana aliye juu anakasirika. Wimbo unawafunga kuwa mwili mmoja wenye miguu minane. Lakini kuna zaidi. Mtu anayekimbia kupita nguvu yake hawezi kuimba. Pumzi inakatika na neno linakwama kooni. Kwa hiyo kikundi chenye kuimba hakiwezi kwenda mbio kuliko pumzi ya yule anayeimba. Sauti ya mmoja ikianza kufifia, wenzake wanaisikia mbele ya kumwona anaanguka, na mwendo unapunguzwa. Wimbo ulitia nguvu, ndiyo, lakini vilevile ulikuwa breki.

Na maneno yake? Yalikuwa ya mchukuzi, hayakuwa ya bwana. Mahali pengi pa Afrika ambapo wazungu walibebwa, wachukuzi walimwimba yule aliyekaa juu: tumbo lake, uchoyo wake, uzito wake, mke aliyemwacha Ulaya. Bwana, ambaye hakusikia lugha, alitikisa kichwa kwa furaha na kuandika katika daftari lake kwamba watu hawa wana roho ya uchangamfu. Mwili ulikuwa wa kazi ya mwingine, njia ilikuwa ya mwingine, mzigo pia, lakini wimbo ulibaki mali yao. Tunasikitika kwamba nyimbo hizo za njia ya Kasenyi, ya Mahagi na ya Kilo karibu zote zilikwisha pamoja na watu walioziimba. Vyombo vya kurekodi vilipofika, tipoi ilikuwa imekwisha kutoka njiani, na wenye vyombo walitafuta ngoma za arusi na vinanda, hawakutafuta matusi ya wapagazi.

Baada ya mchukuzi alikuja soda. Katika Force Publique, na katika majeshi yaliyofuata mpaka leo, kukimbia asubuhi huku mkiimba ni sehemu ya mafundisho. Umbo ni lilelile la tipoi: mmoja anatoa, wote wanaitikia kwa mguu. Lakini mwenye wimbo amebadilika. Soda hachagui neno. Anafundishwa neno, na kulikataa ni kosa. Wimbo uliokuwa mahali pa mtu mdogo kusemea sasa ni mahali pa mkubwa kumsemesha.

Mobutu aliona faida yake haraka. Baada ya safari zake za China na Korea ya Kaskazini katika mwaka 1973 na 1974, ile animasio ya siasa ilishika inchi nzima. Waliosoma wakati wa Zaire wanakumbuka: mbele ya masomo, mbele ya kazi ya ofisi, watu wanapanga mistari, wanaimba na kucheza kumsifu Kiongozi, na kwenye salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha njia na kulima, wimbo ulisimamiwa sawa vile jembe linavyosimamiwa. Hatusemi kwamba watu hawakufurahi hata siku moja. Nyimbo nyingine zilikuwa tamu, na wachezaji walikuwa wazuri kweli. Lakini kuimba kwa sababu jina lako litaandikwa usipoimba ni kazi nyingine kabisa. Tarehe 24 Aprili 1990 chama kimoja kilipokwisha, mizunguko hiyo ya asubuhi ilikufa upesi, na hatujaona watu wengi wakiililia.

Halafu vita. Mwezi wa Desemba 1996 askari wa AFDL waliingia Bunia, na neno kadogo likaingia katika mazungumzo yetu: mtoto mwenye bunduki. Kisha yakaja yale ya 1999 mpaka 2003, ambayo kila nyumba hapa inayajua na hatuna haja ya kuyasimulia upya. Tunachotaka kusema ni juu ya wimbo tu. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye, katika kesi ya Thomas Lubanga, aliyehukumiwa kuwa na kosa tarehe 14 Machi 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 jeshini, na baadaye katika kesi ya Bosco Ntaganda, hukumu ya tarehe 8 Julai 2019, mashahidi walieleza maisha ya kambi za mafunzo. Video moja iliyopigwa Rwampara tarehe 12 Februari 2003, hapa karibu kabisa, ilionyeshwa mahakamani. Na katika mafunzo ya kambi, pamoja na kukimbia na kupiga saluti, kulikuwa nyimbo. Watoto wetu, wa kila upande, walifundishwa kukimbia wakiimba, na mara nyingine maneno waliyotiwa mdomoni yalikuwa juu ya jirani yao. Hatutayaandika maneno hayo katika kitabu cha mila.

Kwa hiyo msomaji asishangae akiona kwamba wako watu wazima mjini kwetu ambao, wakisikia saa kumi na moja asubuhi miguu mingi na sauti moja, wanainuka kitandani na kuhakikisha mlango umefungwa. Anayepita pengine ni klabu ya karate tu, ao wanafunzi. Sikio halijui tofauti mpaka limesikia maneno.

Si hapa tu ambapo watu wanaogopa kikundi kinachoimba na kukimbia. Jirani zetu wa Burundi wana desturi hii kwa nguvu kuliko sisi: mwisho wa juma, vilima vya Bujumbura vilijaa vikundi vinavyopanda na kushuka kwa wimbo, wake kwa waume, wa kabila zote. Katika mwezi wa Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama cha upinzani MSD kupambana na polisi siku ambayo walitoka kwa mbio namna hiyo, serikali ilifunga mbio za vikundi mjini isipokuwa mahali palipokubaliwa, na watu zaidi ya kumi na wawili walihukumiwa kifungo cha maisha. Serikali ilisema mbio zimegeuzwa kuwa maandamano. Wengine walisema serikali inaogopa hata jasho. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zilielewa vizuri jambo moja: wimbo wa mbio ni sauti ya watu waliokubaliana mwendo, na hiyo ni nguvu, iwe nzuri ao mbaya.

Ni katika historia hiyo njo ekutere iliingia. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman tarehe 1 Julai 1979, na mtu aliweza kutembea na muziki usiosikiwa na mwingine. Kwetu chombo hicho kilikuwa cha wachache, watoto wa wafanya biashara na wale wenye ndugu Ulaya ao Kampala. Watu wengine wote walikuwa na radiyo ya nyumba, na radiyo ni ya wote. Radio Candip ya hapa kwetu ilisikilizwa na uwanja mzima, hata na asiyetaka. Telefone za mkono, baada ya vita, ndizo zilizobadilisha mambo. Kijana alipeleka kadi yake ndogo kwa mwenye kiosko na ordinateri, akalipa, akarudi na nyimbo za Kinshasa, za Kampala na za kanisa. Ekutere za kamba ziliuzwa sokoni kwa bei ya chakula cha mchana, na leo ziko zile zisizo na kamba.

Wenye sheria za riadha walichelewa kidogo kujua la kufanya. Kanuni za shirikisho la dunia zinakataza mkimbiaji kuwa na radiyo, kaseti, telefone na vyombo vya namna hiyo uwanjani pa mashindano, kwa sababu ni msaada: mtu anaweza kuambiwa mwendo wake, ao kupewa mapigo ya kufuata. Marekani shirikisho lao lilifunga ekutere kwa wote, kisha Desemba 2008 likalegeza, likiacha kila mwenye mbio aamue, isipokuwa kwa wanaogombea ubingwa. Mwaka 2009 katika marathoni ya Milwaukee, mwanamke aliyekuwa ametangazwa mshindi alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya iPod.

Je, muziki ni msaada kweli? Haile Gebrselassie wa Etiopia alijibu bila kuvaa kitu. Mwezi wa Februari 1998, Birmingham, Uingereza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 ya ndani ya ukumbi, dakika 4 na sekunde 52.86, huku vipaza sauti vikipiga wimbo wa Scatman alioupenda kwa sababu mapigo yake yalilingana na mwendo wake. Wimbo ulisikiwa na wote uwanjani, wapinzani wake pia, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Wataalamu, kama Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, wameonyesha kwamba muziki unapunguza hisia ya uchovu mtu anapokimbia kwa kiasi. Akifika mwisho wa nguvu zake, mwili unapiga kelele kuliko wimbo. Wapagazi wangemwambia hilo bure.

Basi sisi tunasimama wapi? Wazee wana haki juu ya pikipiki. Njia za Bunia hazina mahali pa miguu, na katika mji ambao umejifunza kuishi kwa kusikia, kuziba masikio mawili ni hatari ya kweli. Katika mashindano tungewashauri wenye kutayarisha waweke kando ekutere, si kwa sababu ya La Haye ao Milwaukee, bali kwa sababu anayekimbia anatakiwa kumsikia anayemwambia "ondoka".

Lakini hatukubaliani na wale wanaosema kwamba ekutere imeua mila. Mila ile ilikuwa imeumizwa mbele, na watu wenye fimbo, wenye chama na wenye bunduki, kila mmoja akiuchukua wimbo toka mdomo wa mwenyewe. Kijana wa leo anayepanda upande wa Mudzipela peke yake na muziki aliouchagua mwenyewe, hakuna aliyemwandika kwenye mstari, hakuna anayemtia neno mdomoni. Kwa mtu ambaye baba yake alikuwa kadogo, hilo si jambo dogo. Anachokosa ni kingine: akichoka, hakuna atakayesikia sauti yake ikififia.

Siku hizi tunaona namna ya tatu katika futingi za asubuhi. Mmoja anabeba bafle ndogo mgongoni, wengine wanamfuata, na mapigo yanawapanga miguu bila yeyote kutoa wimbo. Wanabishana sana juu ya nyimbo: mmoja anataka za kanisa, mwingine rumba, mwingine mambo ya Nigeria. Batri ikikaribia kwisha, bafle inapitishwa kwa yule aliye nyuma kabisa, kusudi asiachwe.